Kifungo cha Koti

Kaka yangu,

Sisi wazima. Cherehani yangu imepata mkanda mpya, na Mama bado anagombana na paka wa jirani.

Jumamosi nilicheza fainali ya sataranji. Kura ilinipa kete nyeusi, dhidi ya mwalimu wa hesabu, bingwa wa miaka mitatu. Alipoona mfalme wangu ni kifungo cheusi cha koti, akacheka: "Fundi, leo unanishonea nini?" Nilimtegea malkia wangu, akamla haraka. Mwenye pupa hadiriki kula tamu! Farasi wangu akaruka, mfalme wake akakosa pa kukimbilia. Wewe ndiye uliyenifundisha: mwenye nyeupe huanza, lakini hakuna aliyesema ndiye atakayemaliza.

Mama hata kombe hakulitazama. Aliuliza tu, "Kaka yako anajua?"

Siku tuliyomzika Baba nilikutolea maneno mabaya, nawe ukaondoka na mfalme mweusi mfukoni. Miaka minne sijakuomba unirudishie, kwa sababu mkosaji nilikuwa mimi. Nisamehe.

Sasa namtaka mfalme wangu. Usimtume kwa posta. Mlete mwenyewe.

Mdogo wako,
Fundi