Nilipima Mapema Mno

Jumatatu, 9 Juni 1997
Kiwandani, kufunga peremende. Msimamizi kanigombeza mara mbili kwa kuzubaa. Kweli nimezubaa. Asubuhi nilijifungia chooni na kipimo cha mkojo. Mstari mmoja. Mimba hakuna. Miaka sita ya ndoa, na mama mkwe anaingia kesho kutoka Siaya. Naogopa hata kurudi nyumbani.

Jumatano, 11 Juni
Mama mkwe kafika jana. Hapa mtaani Lucky Summer tuna chumba kimoja, na kwetu mama halali chumba kimoja na mwanawe na mkewe. Analala kwa jirani, Mama Njeri, ambaye ni nesi. Ameniletea manyasi, mizizi ya kufungua tumbo la mwanamke aliyechelewa. Mume wangu Okello anatazama ukuta tu. Mwoga.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekunywa. Kikombe kizima, chungu kama shubiri. Si kipimo kilisema tumbo ni tupu? Mama alinisimamia mpaka nikamaliza. Namchukia. Basi, nimeandika.

Jumatatu, 16 Juni
Hedhi ilikuwa ije jana. Haijaja. Nimemweleza Mama Njeri kuhusu kipimo. Akashika kichwa.
"Wewe nawe! Yai likishatoka, hata mimba ikishika, mkojo hauonyeshi papo hapo. Ungengoja hedhi ichelewe kwanza, halafu upime na mkojo wa kwanza wa asubuhi."
Nikamuuliza juu ya manyasi. Hajui ni mizizi gani, wala kama inaweza kutoa mimba.

Alhamisi, 19 Juni
Bado. Tumbo linanyonga. Kila nikienda choo natafuta damu. Nikipima nikute mimba, huenda nimeiua kwa mkono wangu mwenyewe. Bora nisijue. Uongo. Nataka kujua.

Jumamosi, 21 Juni
Mistari miwili.
Sikufurahi. Nililia kama mfiwa. Mama akanikuta uani, kipimo mkononi. Nikamwambia yote: nilipima mapema, nikaamini, nikanywa dawa yake. Nikangoja matusi. Akaketi chini, pale pale kwenye saruji yenye maji.
"Nyar Ugenya," akasema polepole. Huniita hivyo, binti wa Ugenya, kwa jina la kwetu nilikozaliwa. "Ulimaliza kikombe?"
Alinisimamia mwenyewe nikimaliza. Anajua.

Jumapili, 22 Juni
Kliniki ni kesho. Mama Njeri atanisindikiza. Damu hakuna.
Mama hakwenda kanisani. Amemwaga manyasi yaliyobaki nyuma ya choo, kisha akachukua mtungi akapanga foleni ya maji, yeye na magoti yake mabovu. Nilipotaka kumpokea alinisukuma mkono. Okello amekuja kuuliza kuna nini, Mama akamwashiria atoke.
Sasa Mama ameketi kando yangu mlangoni. Tunaogopa sote wawili. Ananimenyea viazi.