Uvimbe Wenye Kirusi na Uvimbe Mtupu

Jumatatu, 4 Machi

Nimeona! Mimi, niliyepotea juzi ndani ya jengo letu wenyewe nikitafuta choo — nimeona kitu!

Slaidi za limfoma, vile vioo vyenye vipande vya saratani ya tezi, zimetoka kwenye rangi asubuhi. Kirusi huonekana kwa bluu, seli za kinga kwa kahawia. Nikaweka jicho kwenye hadubini, chai ikapoa. Uvimbe wenye kirusi: kahawia tele! Seli za kinga zimejazana kama watu penye ajali. Uvimbe usio na kirusi: mtupu. Mwingine hivyo hivyo. Na mwingine!

Maana yake — nisikimbilie, ila nakimbilia — huenda kirusi ndicho kinachoziita. Na kama zimeshafika, zimekaa tu bila kupigana, basi dawa ya kuziamsha ingewafaa wagonjwa hao. Miaka yote nimetazama vipande hivi ili niandike majibu ya watu. Leo nimejibiwa swali langu mwenyewe!

Fundi wa slaidi kanisihi niache kurukaruka kitini. Kiti kibovu, na mimi si mwepesi.

Jumanne, 5 Machi

Mkuu wa idara ameziona. Jumatatu ijayo wanakuja wageni wa kuamua utafiti upi uendelee na upi ufungwe. Niwaeleze mimi. Mimi!

Mume wangu kasikiliza yote huku akimenya vitunguu. "Kwa hiyo, mama watoto, askari wamejaa nyumba nzima na mwizi bado anajipikia jikoni?" Ndiyo, hasa! Sikuwahi kuieleza vizuri hivyo. Sasa ananiita Profesa. Profesa, sahani zako hizo.

Jumatano, 6 Machi

Kuna daktari mwenzangu, tunamwita Bwana Pingamizi. Tumesoma darasa moja. Hata siku ya mahafali alipinga mpangilio wa viti. Leo kapitia slaidi zangu moja moja. Halafu: "Dada, hizi tupu si zote za stoo ya zamani?"

Hata kama, nikasema.

Akanikumbusha: zamani vipande vilikuwa vikisahauliwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhia, hadi vinaharibika. Rangi haishiki tena. Kirusi huoni, seli za kinga huoni, kumbe vyote vilikuwemo.

Nikamwambia ana wivu. "Wivu ninao," akasema. "Lakini pima."

Nimeshuka stoo. Karibu zote ni za zamani. Karibu zote! Nimepanda ngazi kama nimebeba friji.

Alhamisi, 7 Machi

Kipimo kipo. Kuna rangi nyingine, nayo ya bluu, inayoshika kitu ambacho kila seli huwa nacho, iwe na kirusi au isiwe nacho. Ikishika, sampuli ni nzima, na utupu wake ni wa kweli. Isiposhika, nilimsalimia maiti nikanuna kwamba haitikii.

Fundi kaninong'oneza: si uwaeleze wageni kwanza, upime wiki ijayo? Shetani huyu! Nimelifikiria wazo lake kwa kikombe kizima cha chai. Kisha nimemwambia apake rangi leo leo.

Ajabu — bado nina furaha. Lebo nimezifunika zote, msomaji asijue ipi ni ipi. Na kusoma sitasoma mimi. Jicho langu lina tamaa. Asome Pingamizi.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji la maabara. Pingamizi yuko kwenye hadubini. Ameomba nisimpumulie shingoni.

Ya kwanza: "Nzima." Bluu kila mahali! Nimempiga mgongoni, miwani ikamdondoka.

Ya pili: nzima!

Ya tatu: imeharibika. Hata yeye hakuichekelea.

Ya nne amekawia. Anazungusha lenzi kubwa. Anarudi ndogo. Tena kubwa.

"Hii nzima," anasema. "Na dada — seli za kinga sio kwamba hazipo. Hizi hapa, ndogondogo, zimepanga foleni ukingoni mwa uvimbe. Zimezuiwa mlangoni!"

Sauti yake imepanda. Pingamizi huyu huyu! Fundi kaacha kuosha chupa. Pingamizi kanyanyuka, ananisogezea kiti: kaa uone mwenyewe, unangoja nini? Lo, miguu inawasha! Macho yanawasha!

"Weka ya tano," nimemwambia.

"We mwanamke, hutaki hata kuchungulia?"

"Weka ya tano, andika, halafu ya sita. Nitachungulia zote zikiisha."

Ananitazama kama hanijui. Anaitoa ya tano kwenye trei, anaifuta ukingo, anaiweka chini ya lenzi.