Maji ya Ziwa au Tofali

Baba,

Mkono wa Mama umeunga, ila umepinda. Kila akikamua nguo naona pale kafi la Baba Mdogo lilipotua, na damu inanichemka upya.

Unakumbuka asubuhi zetu. Kabla ya chai nilidondosha mkojo wako kwenye ile dawa ya buluu ya mganga wa hospitali ya Fizi, nikauchemsha katika kichupa juu ya makaa. Wewe ulikaa kwenye kigoda ukingoja rangi. "Leo niko maji ya ziwa ao tofali?" Ikibaki buluu, ulicheka. Ikigeuka nyekundu, sukari ilikuwa imezidi mwilini, nami nilichemsha sindano nikakuchoma dawa ya kuishusha.

Ndugu yako hakuuliza. Alisikia kwamba tunapika mkojo wa mtu, akapanda kutoka ziwani na kafi mkononi. "Munamuloga ndugu yangu na mukojo yake." Vijana wake walikubana chini, eti wanakuokoa. Alivunja kichupa, akavunja sindano, kisha akaugeukia mtungi wa mchanga mbichi uliopoza dawa yako. Mama aliukumbatia. Nilisikia mfupa ukikatika, na mtungi ukapasuka vilevile.

Kabla dawa nyingine haijashuka kutoka Fizi, pumzi yako ilinuka ndizi zilizoiva mno. Hukuamka tena.

Matangani ndugu yako ndiye aliyelia kuliko wote. Nilichukua mchi nikampiga mdomoni, meno yakaanguka mkekani. Sijuti, Baba.

Sasa sikia. Juzi mkewe alikuja akilia. Mume wake amekonda, anamaliza mtungi wa maji peke yake, na anapokojoa sisimizi wanajaa. Ulivyoanza wewe. Nilifurahi, nakuambia kweli. Nilitaka aoze. Mama akanitazama: "Ile ni damu ya baba yako. Washa makala tumupime."

Leo asubuhi Baba Mdogo alikaa kwenye kigoda chako. Nilichemsha mkojo wake katikati ya ua, majirani wote wakiona. Rangi ilipogeuka nilimshika kidevu nikamwinamisha aitazame.

"Tofali," nilimwambia.

Alinyoosha mkono apigwe sindano.

Pumzika, Baba. Nakuahidi sitamwacha afe. Kila asubuhi atakaa pale aione ile rangi, na kila nikimchoma nitamtajia jina lako.

Binti yako,
Zaina