Imebaki Led Peke Yake

Njoro,

Tangu tukuzike kule Kalimoni sijakuandikia, na leo nakuandikia nikiwa na hasira. Nisikilize kwanza. Huzuni itakuja yenyewe.

Ndugu yako Kamau alikuja hapa Makongeni, kwa kibanda chetu cha kutengeneza redio na TV, akasema ile mashine yako ya michezo inakula nafasi bure, na isipocheza kufikia Jumapili anaiuzia watu wa vyuma vikuukuu. Akaigonga na mguu kama mtu anayeangalia tairi. Sikumkatalia, kwa sababu mashine ni ya familia. Lakini nilijua ikifika kwa mizani ya wale watu, kitu pekee ulichounda kwa kichwa chako mwenyewe kimekwisha.

Basi nikakaa na saketi yako, ile ya kutoa picha kwa bodi ya mchezo mpaka kwa TV. Njoro, bana! Nani alikufundisha kutumia nyaya nyeusi kila mahali? Rangi tatu zinatoka kwa bodi, kila moja na njia yake, na wewe zote umezivalisha nguo za matanga. Nilipokuuliza ulikuwa unasema, "Mimi nazijua." Haya, sasa umeenda na kujua kwako.

Nilibaki na neno lako moja tu. Siku ya mwisho nilipokuletea uji hospitalini ulinishika mkono ukasema, "Musyoka, usihangaike. Imebaki led peke yake." Led. Nikajua ni ile taa ndogo ya kuonyesha stima imeingia. Nikanunua, nikachomelea vizuri kabisa, nikawasha. Taa ikawaka. Picha nayo ikaja, lakini watu wote kwa kioo nyuso zao za kijani, kama wamekula chakula kilicholala.

Nikabadilisha TV. Nikabadilisha bodi. Nikapima kila rezista, nikachoma kidole, nikakutukana. Haki ya Mungu, nilikutukana na wewe uko chini ya udongo.

Jumamosi mke wako, Mama Shiku, akaniletea sahani ya githeri. Akasimama nyuma yangu, akaangalia kioo, akaniambia, "Woi, Baba Mwende, mbona hawa watu hawana led?"

Njoro! Red! Nyekundu! Miaka yote hiyo nimekucheka na "balabala" yako na "lais" wako, nawe ukinicheka Ukamba wangu, halafu siku moja iliyokuwa na maana nikasahau ulimi wako wa Kikuyu unavyogeuza r kuwa l. Kumbe kuna waya ulikuwa umeukunja chini ya tepu, mimi nikidhani ni wa ziada. Ungesema tu "nyekundu", ungekufa?

Nisamehe. Hiyo imejiandika yenyewe.

Nikauunganisha. Damu ikarudi kwa nyuso. Mama Shiku akapiga makofi mara moja, halafu akajifunika na leso yake akalia, na mimi nikasimama hapo na kichomeleo mkononi.

Jumapili Kamau akaja na mkokoteni. Nikamwambia, kaa ucheze kwanza. Akacheza akapigwa, akarudia, akapigwa tena, akaanza kugombana na mashine. Mkokoteni ulirudi mtupu. Lakini alipokuwa anatoka akauliza, "Na sauti iko wapi?"

Sauti bado, Njoro. Spika nzima, nyaya nzima, na kimya. Hiyo hukuniachia hata neno moja, na ndiyo inaniuma zaidi. Leo asubuhi nimegeuka nikuulize inatokea upande gani. Nimeuliza kabisa, kwa nguvu, mbele ya mteja. Mteja akashika redio yake akasema atarudi kesho.

Pumzika, rafiki yangu. Mashine haitoki hapa nikiwa hai, hiyo nakuahidi. Na sauti nitaitoa, hata kama itabidi nikutukane kila siku.

Wako,
Musyoka