Ukurasa wa Kapteni

Jumapili, 2 Novemba
Zamu saa kumi na mbili asubuhi. Mashuka ya ghorofa tatu za hoteli, pasi ya mvuke, mgongo. Kurudi chumbani Al Rayyan, hapa Doha, ujumbe wa baba mdogo Mwangi. Tarehe kumi na tano wanafungua madarasa mapya kijijini, yatapewa jina la baba yake, yaani babu yangu, Guka. Anataka ukurasa mmoja wa maisha yake, uchapishwe kwenye kijitabu. Mimi ndiye mwenye Kiswahili, anasema. Nimekubali. Nilijivuna, sitajidanganya.

Jumanne, 4 Novemba
Nimeandika. Kapteni wa homugadi, jeshi la wenyeji waliopigana upande wa mkoloni. Baadaye mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Mwafrika wa kwanza kutoka kwetu kukaa mle. Aliomba shule, akapewa. Picha yake ya kofia na medali ilining'inia sebuleni utoto wangu wote.

Nikampa Nyokabi asome. Tunalala chumba kimoja mwaka wa tatu sasa, na kwao ni ng'ambo ya mto wetu. Akasoma, akanirudishia simu.

"Umesahau nyumba zetu."

Basi. Akaenda kuoga.

Ijumaa, 7 Novemba
Sikwenda kanisani Mesaimeer, ingawa huku ibada ni Ijumaa. Nilimpigia Mama, nikamwuliza nyumba zipi. Akasema Guka alimsimulia mwenyewe, akiwa mgonjwa, siku aliyompelekea uji. Vijana wa ng'ambo walikuwa wameingia msituni kupigana na mkoloni. Guka akapuliza filimbi, askari wake wakatia moto nyumba zote, wanawake wamesimama nje wakitazama. Nyanya yake Nyokabi alirudi ndani kumtoa mtoto. Akaungua mikono yote miwili. Shule aliyoiomba Guka Barazani ilijengwa juu ya jivu lile.

Nina hasira. Na Guka, na Mama, na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimeandika upya. Shule imo. Baraza limo. Filimbi imo. Nimetuma kabla moyo haujageuka.

Baba mdogo alipiga saa ya chakula. Alianza kwa upole. Guka ndiye aliyetusomesha, alisema, na kila upande uliua wakati ule. Kweli. Nikamwambia hayo pia nitayaandika. Upole ukaisha.

"Toa hiyo ya moto, au mama yako atafute pengine pa kulima."

"Sitoi."

Nilirudi kupiga pasi hadi jioni. Sitoi.

Jumatano, 12 Novemba
Wamenitoa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Binamu mmoja aliandika kwanza kwamba joto la Doha limenichemsha ubongo.

Lile shamba Mama amelilima tangu aolewe, hata baada ya Baba kufa. Hati iko kwa baba mdogo. Nilitaka kulegea. Nilimpigia Mama anipe ruhusa ya kulegea.

"Nililima pale kabla Mwangi hajaota ndevu," akasema. "Usitoe hata nukta."

Nyokabi sijamwambia. Sitaki anishukuru.

Jumamosi, 15 Novemba
Kijitabu kimechapishwa bila moto.

Mama alipewa sala ya kufunga sherehe. Mama yake Nyokabi alikuwa amekaa nyuma, simu wazi, nasi tukasikiliza huku kantini, kila mmoja na kisikilizio kimoja. Mama hakusali. Alisoma ukurasa wangu mzima, niliokuwa nimemtumia. Kipaza sauti kikazimwa. Akaendelea, sauti yake imezoea kuvuka bonde. Alipofika kwa yule mwanamke aliyerudi ndani, akamtaja jina. Mimi sikuwa nimeliandika. Sikulijua.

Nyokabi aliinamisha kichwa mezani. Sikumgusa. Dakika kumi baadaye tulikuwa kazini.

Ijumaa, 21 Novemba
Baba mdogo amezungusha waya shambani. Mama amepeleka shauri kwa chifu, na wiki hii anapanda maharagwe kwenye kipande alichopewa na mama yake Nyokabi. Anasema udongo wa kule ni mwekundu zaidi. Jina la Guka bado liko ukutani. Sikuomba liondolewe.

Leo Mesaimeer Nyokabi alinishikia nafasi. Baada ya ibada akasema mama yake angependa ule ukurasa kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu. Tukanunua karatasi njiani.

Nimeuandika mchana huu, polepole, wote. Nyokabi ameketi kitanda cha pili, anachambua mchele, anasubiri.