Kilima cha Bi Mere

Wellington

Bimkubwa wangu,

Assalaam alaykum. Nakubusu mkono kwa mbali, na kabla ya yote nambie goti linaendeleaje. Kaka Nassor kanieleza kwenye simu kwamba tangu muhamie Al Amerat unapanda ngazi kwa kushika ukuta, nawe hospitali hutaki. Nenda, mama yangu, unitulize moyo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka mifupani.

Uliniuliza kazi gani hii inayonizuia kurudi Maskati. Leo nna jibu, maana imekwisha.

Unajua nawatetea Wamaori, wenyeji wa nchi hii ya New Zealand. Zamani machifu wao walitia saini mkataba na Waingereza kwamba ardhi yao itabaki yao. Haikubaki. Hawa ninaowasemea mimi walinyang'anywa kilima walikozika wazee wao, kikachimbwa mawe ya barabara. Aliyefungua madai ni Bi Mere, mtu mzima wa umri wako, mcheshi, akinilisha viazi vitamu mpaka nashindwa kuinuka. Tulisimama mbele ya baraza la madai miaka, mawakili wa serikali wakishikilia kwamba kilima kilinunuliwa kwa halali. Bi Mere akafa kabla hatujajibiwa. Nililia kama niliyefiwa na wa kwetu.

Mwezi uliopita serikali ikakubali. Waziri akaja mwenyewe kwenye nyumba yao ya mikutano kusoma maneno ya kuomba radhi. Nilidhani watashangilia. Waliingia kimya, kila ukoo umebeba picha za marehemu wao, wakazigeuza zimtazame waziri. Binti yake Bi Mere akanipa ya mamake niishike. Nikamwambia mimi si wa ukoo wao.

"Wewe ndiye uliyemsemea," akasema. "Mnyanyue kidogo, asikie."

Nikaiweka kifuani. Waziri alipofika pale pa kukiri kwamba serikali ilivunja ahadi yake, aliinua macho, akaziona zile nyuso, sauti ikamkatika. Hakuna aliyemsaidia. Nyumba nzima ikamngoja. Akairudia sentensi tangu mwanzo, polepole, safari hii akiwasomea wale waliokufa. Subhanallah, Bimkubwa. Nimesoma sheria miaka yote hii nikidhani haki wanapewa walio hai tu.

Wamerudishiwa kilima, yaani kile kipande kilichosalia. Kilichochimbwa ndiyo kimekwenda. Tulipanda sote asubuhi yake. Binti yake Bi Mere akalala kifudifudi majanini, akicheka na kulia pamoja. Mimi nikasimama kando, nikalikumbuka kaburi la bibi kule Pangani mlikohama kuja Maskati, ambalo sijapata kuliona. Nikija, nipeleke.

Nisalimie kaka Nassor na mkewe, na mama mdogo Salma wa Sidab aliyenifunza kusoma. Mwambie bado namwombea dua.

Mwanao kitindamimba,
Zuwena