Kahawa ya Fungo Ukweni kwa Elie

Mama mpendwa huko Louisville,

Tumefika Buffalo salama, theluji hadi magotini. Jana tulikwenda na baba mdogo kumposea kaka Elie, na nusura nimharibie. Baba wa binti, mzee Mkongo mpole, alituandalia kahawa aliyozawadiwa kazini. Akaeleza kwa fahari kwamba fungo, mnyama mdogo kama paka, hula buni, kisha watu huokota mbegu kwenye kinyesi chake, huziosha na kuzikaanga.

Nikauliza, "Wanamfuata porini?"

"Hapana, wanamufunga ndani ya kizimba, anakula buni tu."

Nikaweka kikombe chini. "Samahani baba, siwezi kuinywa."

Elie hakuthubutu kunitazama.

"Donc, basi, kahawa yangu iko na ubaya gani?"

Nikamwambia tulivyoishi kambi ya wakimbizi miaka kumi na miwili, mahindi na maharage yaleyale, bila ruhusa ya kutoka getini. Akakisukuma kando kikombe chake. Kisha akamwita mkewe: "Bon, sawa, leta chai."

Posa imekubaliwa, Mama. Ila ile kahawa ilinukia vizuri mno, niliitamani kwelikweli. Jifunike vizuri, utuombee safari ya kurudi.

Mwanao, Jeanine